Staringi Wanne, Filamu Moja: Mwongozo Kamili wa Kuandika Kikosi cha Mashujaa

Ukiingia kibanda chochote cha video Kampala, iwe Kisenyi, Katwe au Bwaise, aliyechelewa huuliza jambo moja kabla hata hajakaa: staringi ni nani? Akishaonyeshwa, anatulia. Anajua amfuate nani kwa macho, amwogopee nani, na anaamini kwamba huyo hafi. Filamu ya kikosi cha mashujaa inavuruga utaratibu huo. Staringi ni wanne, watano, wakati mwingine kumi, na mtazamaji hajui moyo wake auweke wapi. Mwandishi asipomsaidia, hatamjali hata mmoja wao, na majengo yote yatakayoanguka kwenye dakika ya tisini yataanguka bure.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuandika filamu ya namna hiyo hapa Uganda, kwa fedha za Uganda. Studio za Marekani zinaweza kuficha hadithi dhaifu nyuma ya kazi ya mamia ya mafundi wa kompyuta. Wewe huna pa kuifichia. Ila watu wawili wanaodaiana, waliofungiwa chumba kimoja, hawahitaji kitambaa cha kijani cha kuwekea mandhari ya kompyuta wala leseni ya programu yoyote.

Najua utaniambia habari za Wakaliga, mtaa wa Kampala unaotengeneza filamu za mapigano kwa fedha kidogo. Ni kweli, Isaac Nabwana na wenzake walitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200, na dunia nzima ikaitazama. Lakini iangalie tena na usikilize sauti ya VJ Emmie, yaani msimulizi anayeongea juu ya filamu huku ikiendelea. Ni yeye anayekuambia nani ni nani, nani umcheke, nani umhurumie. Ile sauti inafanya kazi ya mhusika mzima. Ukiiga milipuko ya Wakaliga bila kuwa na sauti kama hiyo, unabaki na moshi.

Ili tusizungumze hewani, tutajenga kikosi kimoja cha kubuni kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukimaliza kusoma, kitupe uunde chako.

Hatua ya 1: Anza na janga, halafu watu, nguvu mwishoni

Waandishi wengi wachanga huanza na nguvu. Huyu anaruka, yule anatoa moto, mwingine haonekani. Wakishapata orodha ndipo wanatafuta adui wa kupigana nao. Matokeo yake ni maonyesho ya sarakasi, kila mmoja na zamu yake.

Geuza mpango. Tafuta kwanza tatizo ambalo mtu mmoja hawezi kulimaliza hata akiwa na nguvu kiasi gani. Sisi tutachukua mafuriko ya Kampala. Kila mkazi anayajua: mvua ya saa moja inashuka, mtaro wa Nakivubo unafurika, Bwaise inageuka ziwa, na kesho yake watu wanaanika magodoro. Sasa tuseme kuna mtu anayeweza kuyaita maji. Ameamua kwamba mji uliojengwa juu ya kinamasi urudi kuwa kinamasi.

Janga hili lina faida mbili kwa mwandishi. Mtazamaji haelezwi chochote, analijua. Na kurekodi ni nafuu: mvua za Machi hadi Mei zitakupa picha ambazo hakuna studio inayoweza kukuuzia, mradi kamera yako uifunike vizuri.

Hatua ya 2: Hesabu dakika kabla ya kuhesabu mashujaa

Hapa ndipo filamu nyingi za vikosi hufia, hata zile zenye fedha nyingi. Kawaida ya kazi hii ni kwamba ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja kwenye skrini. Filamu ya dakika 90 ni kurasa 90. Ukiwa na mashujaa sita na kila mmoja umpe dakika nane tu za kujulikana, zimekwenda dakika 48. Adui bado hajafungua mdomo.

The Avengers ya mwaka 2012 iliweza kukusanya sita ndani ya dakika 143 kwa sababu kazi ya kuwatambulisha ilikuwa imeanza zamani, kwenye filamu tano zilizotoka kati ya 2008 na 2011. Mtazamaji alifika ukumbini akiwajua wengi wao kama majirani. Wewe huna filamu tano nyuma yako.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni Justice League. Ile iliyotoka 2017 ilikuwa ya dakika 120, na ilibidi ndani yake watambulishwe mashujaa ambao wengi tulikuwa hatujawajua vizuri. Mmoja wao, Cyborg, alipita kama mpita njia. Mwaka 2021 likatoka toleo la Zack Snyder, dakika 242, na ghafla Cyborg ana baba, ana kinyongo na baba huyo, na baba anakufa mbele yake. Waigizaji ni walewale na vita ni vilevile, lakini safari hii mtu ana sababu ya kulia. Wengine wanasema saa nne ni nyingi mno, na mimi ni mmoja wao. Hata hivyo hakuna anayeweza kusema hazikumbadilisha Cyborg.

Kwa kuwa hakuna kibanda kitakachokupa saa nne, punguza watu. Kwa filamu ya kwanza, watatu au wanne. Watano ukiwa na ujasiri. Eternals ya 2021 iliweka kumi kwenye filamu moja, na jiulize unakumbuka majina ya wangapi.

Sisi tutachukua wanne.

Hatua ya 3: Nguvu itoke kwenye kidonda

Nenda katazame The Incredibles ya 2004, iliyoandikwa na kuongozwa na Brad Bird, kisha urudi. Mama wa familia ile ananyumbulika, kama mama yeyote anayevutwa na kila mtu kila upande. Binti ana haya, naye anaweza kutoonekana. Mtoto wa kiume hatulii, naye ana mbio. Baba anajiona lazima abebe kila kitu, na kweli ana nguvu za kubeba. Hakuna nguvu iliyookotwa njiani. Ukimjua mtu, unaijua nguvu yake, na ukiiona nguvu unajua kinachomsumbua.

Kwa kila mhusika, andika majibu ya maswali manne: Anataka nini? Anakosa nini asichokijua? Nguvu yake ni ipi? Na akiitumia, inamgharimu nini? Swali la nne ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloleta mvutano. Nguvu isiyo na gharama inamaliza hadithi mapema, maana mtazamaji atauliza kwa nini hakuitumia tangu mwanzo.

Kikosi chetu ni hiki.

Nalongo, mama wa mapacha, anauza mitumba soko la Owino. Akishika nguo, anajua aliyeivaa na yaliyompata. Kwa hiyo kila siku anapanga mezani huzuni za watu asiowajua, na ameacha kukumbatia mtu yeyote, hata watoto wake. Anataka aachwe kwa amani.

Wandera, kijana wa Busia, dereva wa boda. Ana mbio zisizo za binadamu. Lakini mbio zile zilianza usiku alipomwacha ndugu yake barabarani baada ya ajali, na tangu hapo hawezi kukaa mahali. Kila akikimbia sana, anasahau sehemu ya siku iliyotangulia, na kwake hiyo ni nafuu.

Afande Drani, mwanajeshi mstaafu kutoka Arua. Hauawi kwa risasi wala panga, ila maumivu anayasikia yote. Wenzake walikufa, yeye akabaki, na hajui alibakishiwa nini.

Akello, msichana wa Lira aliye kidato cha nne kwenye shule ya bweni. Anaiga sauti ya mtu yeyote, awe hai au amekufa. Ameiga sana hadi hana uhakika sauti yake mwenyewe ikoje.

Angalia gharama za kuwapiga picha hawa wanne. Nguo, pikipiki, mzee aliyesimama wima, na mdomo wa msichana ukichezeshwa kwa sauti ya mwingine, kazi ya dakika chache kwa fundi wa sauti. Wandera peke yake ndiye atakayekusumbua, na hata yeye unaweza kumwonyesha akiwa ameshafika: kofia ngumu mezani, chai bado inafuka.

Hatua ya 4: Chora mistari

Chukua karatasi, andika majina manne, kisha unganisha kila jina na mengine yote. Utapata mistari sita. Wahusika watano wangekupa kumi, na sita wangekupa kumi na tano. Sasa unaona kwa nini nilikukataza kukusanya jeshi.

Kila mstari uwe na jambo moja: deni, siri, wivu, au kufanana ambako hawakupendi. Mstari usio na jambo ni watu wawili ambao wakiachwa peke yao kwenye sini hawatakuwa na la kusema zaidi ya kuelezana mpango.

Nalongo na Wandera: siku ya kwanza anamshika koti na kuona yule ndugu aliyeachwa barabarani. Ananyamaza. Mtazamaji anajua, Wandera hajui kwamba anajulikana. Umepata mvutano wa dakika arobaini bila kutumia hata shilingi.

Drani na Akello: mzee anakataa kujiunga, mpaka usiku mmoja anasikia sauti ya rafiki yake aliyekufa ikimwomba asaidie. Anakuja. Ni Akello aliyeitoa sauti ile. Huu ndio mstari mnene kuliko yote, na tutaukata kwenye hatua ya saba.

Wandera na Drani ni rahisi: mmoja alikimbia, mwingine hakuweza kukimbia, na kila mmoja anamdharau mwenzake kwa kile anachojilaumu nacho. Nalongo na Akello, mwanamke asiyekumbatia na msichana anayetafuta mama. Miwili iliyobaki imalize mwenyewe, ni zoezi zuri.

Hatua ya 5: Waingize wakiwa wanachagua

Sini ya kwanza ya shujaa isiwe ya kuonyesha uwezo wake. Iwe ya kuchagua, na uchaguzi huo uonyeshe anakosa nini. Wandera ana abiria anayeumwa, anamfikisha hospitali kwa kasi ya ajabu, na muuguzi anapomwomba asubiri kidogo ili asaini, ameshaondoka. Dakika moja na nusu. Tumemjua.

Guardians of the Galaxy ya 2014 ilifanya hivi na watu ambao wengi wetu hatukuwahi kuwasikia. Quill, kiongozi wa kikosi kile, tunamwona kwanza akiwa mtoto, mama yake anafariki hospitalini akimnyooshea mkono, naye anashindwa kuushika. Basi. Vichekesho vyote na muziki wote vinavyofuata vimekalia mkono ule. Watano wale hawakuhitaji filamu za utangulizi kwa sababu karibu kila mmoja alikuwa amepoteza mtu au amefanyiwa ukatili, na mwongozaji James Gunn hakuchelewa kutuambia.

Zambia nao wamejaribu: Supa Team 4 ya Malenga Mulendema, katuni iliyotoka Netflix mwaka 2023, inawachukua wasichana wanne wa Lusaka wanaookoa mji huku wakihangaika na maisha ya shule. Itazame uone jinsi mji wenyewe unavyowapa wahusika tabia.

Hatua ya 6: Adui awe anaijua nyufa

Adui wa filamu ya kikosi ana kazi moja kubwa kuliko kupiga: kujua ni wapi kikosi hakijashikana. Zemo, adui wa Captain America: Civil War ya 2016, hana nguvu yoyote ya ajabu. Familia yake ilikufa katika vita vya mashujaa, na anachohitaji ni kanda moja ya video ya 1991. Filamu ile ina pigano la uwanja wa ndege, mashujaa kumi na wawili, sita kwa sita, watu wanalipenda. Lakini pigano linaloumiza ni la mwisho, la watu watatu ndani ya jengo la baridi, baada ya Tony Stark, yaani Iron Man, kuona kwenye kanda ile wazazi wake wakiuawa na rafiki wa rafiki yake. Kumi na wawili wanachangamsha, watatu wanakuumiza. Kwa mwandishi mwenye bajeti ndogo, hiyo ni habari njema sana.

Au mchukue W'Kabi wa filamu ya Black Panther, aliyechezwa na Daniel Kaluuya, Mwingereza mwenye wazazi Waganda. Anamgeuka mfalme rafiki yake. Kwa nini tunamwelewa? Kwa sababu mhalifu Klaue aliwaua wazazi wake, mfalme T'Challa akaahidi kumleta akarudi mikono mitupu, na Killmonger, mpinzani wa mfalme, akaleta maiti ya Klaue. Usaliti ule una risiti. (Na ukiwa pale, msalimie Ayo, mlinzi wa mfalme: Florence Kasumba anayemwigiza alizaliwa Kampala.)

Adui wetu, yule anayeyaita maji, ni Injinia Mukasa. Kwa miaka aliandika ripoti akionya kuhusu vinamasi kujengwa, hakuna aliyezisoma. Kisha mtoto wake akafa kwenye mafuriko Bwaise. Mpe haki katika kila anachosema isipokuwa kile anachotaka kufanya. Na sasa funga fundo: Mukasa ni kaka yake Nalongo. Siku ile mtoto alikuwa ameachwa kwa shangazi yake, naye shangazi alikuwa sokoni.

Hatua ya 7: Kivunje kikosi, na kivunjwe na wao wenyewe

Kwenye theluthi ya pili, kikosi lazima kisambaratike. Kosa la kawaida ni kutumia bomu: adui anashambulia, wanatawanyika, wanakutana tena. Huko ni kupoteana tu. Kuvunjika kunatoka kwenye mistari uliyoichora.

Kwetu, Drani anagundua sauti ya rafiki yake ilitoka wapi. Andika sini hii ndefu. Usiikimbie. Mzee asipige kelele; aombe. Amwambie Akello: «Itoe tena.» Msichana analia, anakataa. «Itoe, mwanangu. Nilikuwa nimeisahau.» Kisha anachukua koti lake na kuondoka. Katika ghadhabu hiyohiyo Wandera anamshambulia Akello kwa uongo wake, na Nalongo, aliyenyamaza tangu mwanzo, anamtamkia Wandera jina la ndugu yake. Ndani ya dakika sita kila mmoja amejeruhiwa na mwenzake, na Mukasa hakunyanyua hata kidole.

Hatua ya 8: Pigano ni mazungumzo

Katika kila pigano, andika pembeni ya ukurasa: kabla ya pigano hili A na B walikuwaje, na baada yake wakoje? Ukikosa jibu, lifute, hata kama mwongozaji analipenda.

Wakirudi, warudi kila mmoja akifanya kile alichokuwa akikikwepa. Wandera, ambaye huwa haishi kuondoka, anakaa na mtoto aliyenaswa kwenye maji mpaka msaada ufike. Hakimbii. Akello anatangaza kwenye spika za msikiti na kanisa watu wapande juu, kwa sauti yake, na sauti hiyo inatetemeka. Drani anasimama kuziba pengo la ukuta wa mtaro, na safari hii anajua kwa nini hafi. Nalongo anamwendea kaka yake akiwa na shati la mtoto, lile ambalo kwa miaka hakuthubutu kulishika. Analishika. Anamwambia kaka yake mtoto aliona nini mwishoni.

Hiyo ndiyo kilele chetu: mwanamke, mwanamume, shati. Maji yanaweza kuwa ya mvua ya Aprili.

Hatua ya 9: Funika majina, kisha msomee VJ

Chapisha skripti, funika majina ya wasemaji kwa tepu, mpe mtu asome kwa sauti. Wasikilizaji wakishindwa kujua nani anasema, wahusika wako wote ni wewe.

Kampala inakupa silaha hapa. Drani ataongea Kiswahili cha kambini, kifupi, cha amri. Wandera Kiswahili cha mpakani, chenye mzaha wa Kenya ndani yake. Nalongo Luganda, na Kiswahili ataanza kwa kukisita, maana kwa wazee wengi wa Buganda lugha hii bado inabeba harufu ya askari na miaka ya Amin. Akello ataongea lugha ya yeyote aliye mbele yake. Uamuzi wa nani anabadilisha lugha kwa ajili ya nani, na katika sini ipi, ni uamuzi wa hadithi. Siku Nalongo anapomjibu Drani kwa Kiswahili bila kusita, huna haja ya kuandika kwamba wameaminiana.

Baada ya hapo tafuta VJ wa mtaani kwako, umlipe muda wake, umsimulie filamu nzima kwa dakika kumi. Kisha mwombe akusimulie yeye. Andika kila anachoongeza kutoka kichwani mwake, maana hapo ndipo skripti ina shimo na yeye, kwa mazoea, ameliziba. Andika pia kila shujaa aliyemsahau. Akimsahau mmoja, usimwongezee pigano. Rudi kwenye karatasi ya mistari uangalie ni upi uliuacha mtupu. Akimsahau yuleyule mara ya pili, mfute, na dakika zake wape waliobaki.